Barazani tumejaa, huu ukiwa unatoka wapi?

Baada ya sala ya Alasiri, Jaws Corner ya Mji Mkongwe, Unguja, hujaa wanaume. Wako walioinamia bao, wako wanaobamiza dhumna mezani kwa kishindo, na muuza kahawa anapita baina yao na dele lake na vikombe vyake, hana haja ya kunadi kwa sababu mlio wa vikombe unatosha. Mtu akisimama pembeni akaambiwa kwamba miongoni mwa wanaume hawa wamo wenye ukiwa mkubwa, ataona anafanyiwa mzaha. Upweke, kwa fikra za wengi wetu, ni maradhi ya Wazungu wanaokaa maghorofani bila ya kumjua jirani, na kisiwa chenye baraza kila nyumba hakiwezi kuyapata.

Nami nilikuwa na rai hiyo mpaka ami yangu alipostaafu. Alikuwa mtunza ghala wa serikali mjini Wete, Pemba, kwa zaidi ya miaka 30, na tangu siku alipokabidhi funguo hakukosa baraza hata jioni moja. Alicheza karata, alicheka, alibishana kuhusu mpira, akarudi nyumbani Magharibi kama wenziwe. Mkewe ndiye aliyetwambia kwamba usiku halali, na kwamba mchana huvaa kanzu saa mbili nzima kabla ya adhana akakaa ukumbini kama mtu anayesubiri gari. Nilipomuuliza kulikoni, hakusema kwamba ana huzuni wala kwamba anaumwa. Alisema: “Siku hizi, mwanangu, hakuna anayeniuliza ufunguo uko wapi.”

Jibu hilo linahitaji kufafanuliwa, na Kiswahili chenyewe kinasaidia. Kuwa peke yako ni hali ya mahali: mvuvi aliye peke yake katika mtumbwi usiku kucha anaweza kuwa ametulia moyo kuliko mtu aliye katikati ya harusi. Upweke ni hisia, na watafiti huueleza kuwa ni pengo baina ya mahusiano aliyonayo mtu na yale ambayo nafsi yake inayahitaji. Ukiwa ni mzito zaidi, kwani mkiwa, katika lugha ya wazee wetu, ni mtu aliyeachwa, asiye na wa kumwangalia. Mtu hahitaji kuwa peke yake ndipo awe mpweke, na mwenye watoto saba na wajukuu wanaokimbizana uani anaweza, moyoni mwake, kuwa mkiwa.

Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, aliandika mwaka 1973 kwamba upweke una sura mbili: ule wa kukosa mtu mmoja wa karibu wa kumwambia ya moyoni, na ule wa kukosa kundi la watu ambao wewe ni mmoja wao. Baadaye alieleza pia kwamba mahusiano humpa binadamu mambo mengi mbali na maliwazo, yakiwemo kuthibitishiwa kwamba uwezo wake una thamani na kupata mtu ambaye yeye atamsaidia na kumlea. Ami yangu alikuwa na kundi, tena kubwa, na mke alikuwa naye. Alichokosa ni hayo mawili ya mwisho. Ufunguo wa ghala ulikuwa ukimthibitishia kila asubuhi kwamba pana kazi ambayo bila yeye haiendi, na jioni ya siku moja uthibitisho huo ukakatika, naye akaagwa kwa soda na picha ya pamoja.

Tuondoe sasa dhana ya kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Shirika la Afya Duniani liliunda Tume ya Mahusiano ya Kijamii mwezi wa Novemba 2023, na ripoti ya tume hiyo iliyotolewa mwisho wa Juni 2025 inasema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, sawa na vifo 100 hivi kila saa. La kushangaza zaidi kwa msomaji wa visiwani ni kwamba katika nchi zenye kipato cha chini walioeleza kuwa wapweke walikuwa karibu asilimia 24, na katika nchi tajiri asilimia 11 tu. Tanzania ilihesabiwa kuingia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, kwa hiyo tarakimu hiyo si yetu hasa. Lakini inatosha kumnyamazisha anayesema kwamba umasikini na ujamaa wa kijijini ni kinga.

Ripoti hiyo hiyo inaonesha kwamba wanaume na wanawake hawapishani sana katika kuhisi upweke. Wanapopishana ni katika wanachokifanya wakishaupata. Mwanamme wa kwetu amelelewa kwa neno moja, “jikaze”, na akishajikaza vya kutosha huwa hana tena njia ya kujilegeza. Mwanamke aliyefiwa atazungukwa, atakaa eda, atapikiwa, atasikilizwa. Mwanamme aliyefiwa na mkewe atapewa mkono wa pole, atasimamia hitima, na kabla ya arubaini kuna watu wataanza kumuulizia lini anaoa. Duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Wengi wa wanaume wapweke hawafiki huko, lakini hujiharibu polepole: kwa sigara, kwa kuacha dawa za presha au kisukari, kwa kulala mchana na kukesha usiku.

Kwa nini basi baraza haliponeshi? Nalipenda baraza na sitaki kulisingizia. Linampa mtu mahali, salamu na habari, na anayekosekana siku mbili ataulizwa. Lakini mazungumzo ya barazani yana kanuni zake zisizoandikwa. Thamani ya mtu pale ni wepesi wa ulimi: hoja, utani, kumbukumbu ya nani alifunga goli mwaka gani. Anayeleta huzuni anavunja mchezo, na wenziwe, kwa nia njema kabisa, watamrudisha katika mzaha. Isitoshe, watu wote ni jamaa au majirani, na maneno ya barazani hayalali pale pale. Yakisemwa Alasiri, Isha yameshafika jikoni kwa shemeji.

Liko pia jambo ambalo tunapenda kulipita kimya kimya. Tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, mabaraza mengi yaligeuka maskani za vyama, na katika vijiji vya Pemba mgawanyiko ulifika hadi ya watu kususiana maduka na mazishi. Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambayo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, yalipoza mengi, lakini kila uchaguzi unapokaribia baadhi ya watu bado hupima kwanza wakae baraza lipi. Na kwa waliohamia vitongoji vya nje ya mji, kama Fuoni au Mwera, katika nyumba za ukuta mrefu na geti la chuma, hata baraza la kuchagua hakuna.

Hapa ndipo yanapoingia mabanda ya wanaume ya Australia, yaani karakana za mtaa ambamo wanaume hukutana kufanya kazi za mikono. Katika mji mdogo wa Goolwa, Australia Kusini, banda la aina hiyo lilianzishwa mwaka 1993, na mwezi wa Julai 1998 likafunguliwa jingine Tongala, jimbo la Victoria, ambalo ndilo la kwanza kuitwa rasmi banda la wanaume. Wazo lilikuwa jepesi kupita kiasi. Waaustralia wengi wana kibanda nyuma ya nyumba ambamo mwanamme huweka zana zake na kujifungia akitengeneza hiki na kile. Walichofanya ni kukitoa kibanda hicho uani na kukifanya cha mtaa mzima. Wastaafu, wajane wa kiume, wakulima waliouza mashamba, walioachishwa kazi, wote waliweza kuingia, kuchukua randa na kupiga ubao. Chama chao cha kitaifa kiliundwa 2007, sera ya taifa ya afya ya wanaume ya 2010 ikayatambua, na leo mabanda yamezidi 1,200 katika nchi hiyo. Ireland iliunda chama chake 2011, Uingereza 2013.

Kauli mbiu ya chama cha Australia inasema kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza niliyaona ni ya kupamba matangazo tu. Nimeyaelewa siku niliyokaa katika diko moja karibu na Wete nikisubiri ngalawa zirudi. Mashua ilikuwa imepandishwa nchi kavu juu ya magogo, na fundi alikuwa akitia kalafati: anachukua pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, anaipachika katika mwanya wa mbao mbili, anaigonga kwa patasi butu mpaka inazama. Mzee mmoja, ambaye hakuwa fundi, alikuwa amechutama ubavuni mwake akisokota pamba na kumpa. Kwa muda mrefu hapakuwa na neno, ila mlio wa nyundo. Kisha mzee, macho yake katika pamba, akasema: “Chai siku hizi napika mwenyewe. Kila siku natia sukari ya watu wawili.” Fundi hakugeuka. Aligonga mara tatu nne, akanyosha mkono kuomba pamba nyingine, akasema: “Kesho njoo mapema, tuna ubavu wa pili.”

Nimefikiri sana juu ya mazungumzo hayo, ambayo hayakuzidi nusu dakika. Lau fundi angegeuka akamtazama mzee machoni na kumuuliza anajisikiaje, nina hakika mzee angesema hajambo, na huo ungekuwa mwisho. Macho yaliyo kazini humpa msemaji faragha katikati ya watu. Mikono yenye kazi huufanya ukimya uwe halali, kwa sababu anayenyamaza haonekani amenuna, anaonekana anafanya kazi. Maneno mazito yanaweza kutupwa kidogo kidogo, na yakikosa mpokezi, pamba ipo, nyundo ipo, hakuna aliyeaibika. Juu ya hayo, mwaliko wa kurudi kesho haukuwa wa huruma. Ubavu wa pili wa mashua ulikuwa kweli unahitaji kalafati.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika mwaka wa neema, Pemba nzima hukaa jamvini usiku kuchambua karafuu na makonyo, na nathubutu kusema kwamba siri nyingi za ukoo wangu nimezisikia hapo kuliko katika vikao vyote vya familia nilivyowahi kuitwa. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani tangu mwaka 1989 huzungumza wakiwa wameinama majini wakifunga mbegu kambani. Msaragambo wa zamani, wa kuezeka nyumba au kulima shamba la mgonjwa, ulifanya kazi hiyo hiyo kwa wanaume. Tulichopoteza ni fursa za mara kwa mara. Karafuu haizai sana kila mwaka, nyumba siku hizi huezekwa bati na mafundi wa kulipwa, na mashua za mbao zinapungua huku za faiba zikiongezeka.

Je, kuna ushahidi kwamba karakana hizi huponesha? Kuhusu uzito wa mahusiano kwa uhai, ushahidi ni mkubwa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenziwe walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu 308,849, wakakuta kwamba wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 50 ya kuwa hai hadi mwisho wa kipindi cha utafiti kuliko wenye mahusiano dhaifu. Upweke wa muda mrefu unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona. Mwili unaoishi katika tahadhari hulala vibaya, na presha yake haishuki kirahisi. Kuhusu mabanda yenyewe ushahidi ni mwembamba zaidi. Tafiti nyingi zimewauliza wanachama wenyewe, nao husema wamepata marafiki, wamejihisi na manufaa na wameanza kuijali afya yao. Lakini anayejiunga ni yule ambaye tayari anapenda zana na anaweza kutoka nyumbani, na tafiti zilizowalinganisha na wasiojiunga ni chache. Mimi hilo halinivunji moyo, ila linanizuia kuahidi miujiza.

Ugumu wa kulileta wazo hili Zanzibar unaanzia katika neno. Tukisema “warsha” watu wanaona ukumbi wa hoteli, chupa za maji, karatasi ukutani na posho mwisho wa siku, na warsha ya aina hiyo kuhusu upweke wa wanaume naiombea isifanyike, kwa sababu watakuja wasio na upweke kwa ajili ya posho, na wenye upweke hawatakanyaga. Ninachokizungumzia ni karakana: mahali pa vumbi la mbao, pasipo na mtoa mada wala mlengwa. Mahali hapo pasiitwe pa upweke wala pa afya ya akili. Paitwe kwa kazi inayofanywa, basi.

Mahitaji yake ni machache. Banda la nyuma ya msikiti au chumba kisichotumika cha skuli kinatosha, pamoja na misumeno miwili, randa, patasi, nyundo, jiliwa la kubania mbao na jiwe la kunolea, ambavyo vingi viko tayari chini ya vitanda vya wastaafu vikila kutu. Saa zake ni baina ya Alasiri na Magharibi, zile zile za baraza. Kazi ya kwanza isiwe ngumu hata ikamwaibisha asiyejua. Ubao wa bao ni mfano mzuri: una mashimo 32, safu nne za manane, na kila shimo linaweza kuchongwa na mkono tofauti, hodari kwa mwanagenzi, mpaka mchezaji akiutazama anajua shimo lipi limechongwa na nani na ana la kumtania.

Yako mambo matatu ambayo yakipuuzwa karakana itakufa au itadhuru. Bendera na fulana za vyama zibaki mlangoni, na kwa Pemba hili ni sharti la kwanza kabisa, kabla hata ya msumeno. Pili, karakana isichukue riziki ya fundi seremala wa mtaani anayelipia fremu yake kila mwezi; itengeneze marfaa za madrasa, madawati yaliyovunjika na viti vya majirani wasio na uwezo, si vitanda vya kuuza. La tatu husemwa na wanawake, na wana haki: mwanamme aliyekuwa hakai nyumbani kwa ajili ya baraza asipate sasa na karakana ya kukimbilia huku kuni, maji na mgonjwa vikimsubiri mkewe. Wanawake wa kijiji waulizwe mapema ni vitu gani vya nyumbani mwao vimevunjika, na hivyo ndivyo vianze.

Kuhusu fedha, wako watakaosema kwamba wazee wetu wanahitaji pesa, si mbao. Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikia miaka 70, na ni jambo la heshima ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalifanya. Mzee aliyekuwa hana hata ya kununulia kahawa sasa ana cha kutoa barazani. Lakini pensheni hupokewa tu, na mtu ambaye kila kitu chake ni cha kupokea anarudi pale pale alipokuwa ami. Pensheni na karakana hazishindani.

Karakana pia si hospitali. Mtu asiyekula, anayezungumza juu ya kufa kama jambo analolingojea, au aliyebadilika ghafla tabia, anahitaji mganga wa hospitali, na hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu si mahali pa aibu ingawa jina lake bado linatumiwa kama tusi. Baina ya baraza na hospitali ziko njia nyingine, kama ile ya benchi la urafiki iliyoanzishwa Zimbabwe na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambapo wanawake wazee waliofunzwa husikiliza watu kwa utaratibu maalumu, na ambayo imefika hadi Zanzibar. Wako wanaume ambao benchi litawafaa zaidi. Wengine wataliona kutoka mbali wakapita njia nyingine, na hao ndio wa karakana.

Ami hakuwahi kuambiwa habari za Australia. Kilichotokea ni kwamba jeneza la msikiti wa kwao lililegea mguu mmoja, na imamu akamuuliza kama bado ana ule msumeno wake. Akaenda nao, akawakuta wastaafu wawili, mmoja mwalimu na mmoja baharia, ambao kwa miaka mingi walikuwa wa maskani nyingine na hawakuwahi kupita salamu. Kazi ya saa moja ikachukua jioni tatu, kwa sababu baada ya mguu wa kwanza waliona wa pili nao una mchwa, na baada ya jeneza wakagundua kitanda cha kuoshea maiti kinayumba. Sanduku la zana likawekwa katika stoo ya msikiti na ufunguo akapewa ami, kwa vile tu nyumba yake ndiyo ya karibu. Jioni ya tatu nilikuwepo. Baharia alikuwa amelala chali chini ya jeneza akishikilia ubao, mwalimu anapiga randa, na ami anachagua misumari katika kopo la maziwa, mmoja mmoja, akiipima kwa jicho.

“Mguu huu,” alisema bila ya kumtazama yeyote, “tuutie msumari mrefu. Mimi mzito.”

“Wewe zamu yako bado,” alijibu baharia kutoka chini. “Leta huo, na taa isogeze huku.”